Kabla Baba Hajarudi

Saa nane usiku, gereji namba kumi na saba,
nyuma ya maghorofa ya Jablonec.
Theluji ya mwisho imejikunyata chini ya ukuta
kama mbwa aliyefukuzwa jikoni.
Niko na tochi ya simu, na Jawa nyekundu ya baba,
na mikwaruzo mitatu ubavuni mwa tangi.

Mitatu. Naihesabu kama mdaiwa.
Mmoja ni wa komeo la mlango, wakati wa kutoka.
Mmoja ni wa zipu ya koti langu,
pale nilipolilalia tangi kifua wazi
nikiushuka mteremko wa kiwanda cha bia,
upepo ukinizaba vibao masikioni.
Na mmoja sijui wa nini.

Baba yuko tanuruni, anayeyusha vioo vya shanga.
Saa kumi na mbili atatoka, na kabla hajavua viatu
atapita hapa, atalipapasa tangi kwa kiganja.
Mama husema: "Mimi sijapapaswa hivyo
tangu wiki ya harusi."

Maji kwanza.
Hili nililisikia kwa Kvido wa gereji ya jirani
akimfokea mpwawe:
"Ukisugua juu ya vumbi unasugua kwa mchanga, zuzu wee!"
Basi maji ya uvuguvugu, povu, fulana kuukuu,
kisha kungoja kukauke, na kungoja ni kazi
kwa mtu mwenye hatia.

Halafu ukucha.
Unaupitisha taratibu, kukingama mstari:
ukiteleza, jeraha ni la juu, litapona;
ukinasa, tafuta rangi, tafuta fundi, tafuta uongo.
Wa komeo, umeteleza.
Wa zipu, umeteleza.
Ule wa tatu, pembeni kwenye kingo, umesita kidogo,
kama mtu anayetaka kusema neno akalimeza.

Dawa ya kung'arishia inanuka ndizi na mafuta ya taa.
Tone dogo. Vidole viwili. Duara, duara, duara.
Fulana inageuka waridi, kisha nyekundu,
na mkwaruzo wa kwanza unayeyuka
kama ulikuwa ni wazo tu.
Wa pili nao. Nikaanza kupiga mluzi.

Mluzi ndio ulioniponza.
Kwenye kingo rangi ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu,
nami nikakaza mkono.
Nilipoinua fulana niliona buluu.

Buluu! Ndogo, sawa na punje ya dengu,
ikinikodolea jicho kutoka chini ya wekundu.
Nikaifunika kwa kidole. Nikafunua. Bado ipo.
Nikapaka nta juu yake; sasa ikawa buluu inayong'aa.

Sikusikia mlango.
Nilisikia joto: baba hurudi na tanuru mwilini.
Akainama, akalamba kidole gumba, akaigusa ile punje.
"Hapa," akasema, "ndipo mkono wangu ulipopitiliza na mimi."

Babu Alois alikuwa ameenda mazikoni, Turnov.
Jawa ilikuwa buluu siku hizo.
Kijana Vavřinec aliichomoa, akaparuza lango la shule,
mstari mwembamba, si zaidi ya unywele,
akausugua usiku kucha hadi akafika kwenye bati.
Alfajiri akahonga pakiti mbili za sigara kwa wazima moto,
wakampa kopo la nyekundu,
na ili kuficha unywele mmoja
akaipaka pikipiki nzima.

"Babu alisemaje?"
"Aliizunguka mara moja. Akavaa kofia, akaenda kazini.
Miaka kumi na moja aliendesha nyekundu,
asitie neno."

Kukawa kimya. Bomba la maji lilidondosha tone.
Baba akaninyang'anya fulana, akaigeuza upande safi.
"Usizungushe. Vuta kwa mstari, mbele na nyuma,
la sivyo jua likitoka utaona utando wa buibui."
Akavuta mara tatu, bila kunitazama.
"Zdislava."
"Naam."
"Ile kona ya kiwanda cha bia. Uliinama?"
"Niliinama."
"Kiasi gani?"