Bega

Oyuungerel alidhani ni magunia ya makaa ya mawe,
au baridi ya Darkhan, au kulalia mkono vibaya.
Nani angejua tumbo hulilia begani?

Daktari Tsermaa alichora nyuma ya risiti:
mfuko wa uzazi, mirija miwili myembamba kama tambi.
"Mimba imetua hapa, njiani. Haikufika nyumbani.
Ingekuwa mapema, sindano ingetosha.
Sasa mrija umepasuka, damu inamwagikia ndani.
Tunaukata usiku huu."

Akauliza kama ni yale magunia.

"Si magunia. Si wewe."

Asubuhi: vitobo vitatu tumboni,
mrija mmoja umebaki.
Mumewe, koti lingali na theluji,
analikanda bega lile lile,
taratibu,
kana kwamba kuna mtu amelala pale.