Daftari la Lamara

Kutaisi, theluji mlangoni.
Tsiala hakuja kunifundisha kukanda unga;
hilo mikono yangu ilishalijua.
Alivuta kiti, akafungua daftari langu,
akauliza: "Na wewe uko wapi humu?"

Unga nimeandika. Jibini, kuni, chumvi,
hata kamba ya kufungia maboksi.
Ila saa zangu, tangu saa kumi alfajiri,
sikuziona kama mali.

"Basi mkate wako unamla mwokaji."

Alinichongea penseli kwa kisu cha jibini,
akaenda zake bila kuaga.

Leo nimepandisha bei.
Wateja wawili wamenuna; mmoja karudi jioni.
Kwenye daftari, chini ya chumvi,
nimejiandika: Lamara, kazi ya saa tisa.
Mwandiko unatetemeka kidogo.