Njia Panda ya Tenke

Baba alikaa Tenke miaka thelathini na mmoja,
mkono kwenye wenzo wa njia panda:
ya Kolwezi huku, ya Kamina kule,
na ya Lubumbashi irudi na watu wake na mbuzi wao.
Hakuna behewa lililowahi kumpotea.
Hilo aliwaambia hata wasiouliza.

Sasa amelala Katuba, chumba cha nyuma,
ubavu wa kushoto tu; wa kulia umekataa.
Tulidhani ni mgongo wa uzee.
Tukampaka mafuta ya moto, tukamkaza kitenge kiunoni,
jirani akaleta mizizi ndani ya chupa ya Simba.
Usiku alikuwa akiamka kukojoa mara tano, mara sita,
akisema ni bia,
na bia alikwisha kuiacha tangu Pasaka.
Hakuna aliyehesabu. Mimi pia sikuhesabu.

Docta Kisimba aliinua picha kwenye dirisha
kwa kuwa umeme ulikuwa umekwenda zake.
Akanionyesha pingili: hii, na hii, ile ya nne,
nyeupe kupita kiasi, kama chokaa iliyomwagika.
"Huu si ugonjwa wa mfupa," akasema.
"Ni mgeni mfupani. Kwao ni kwenye tezi dume,
na popote atakaposhuka
ataitwa kwa jina la kwao."

Nikauliza alipitia wapi.
Akachora nyuma ya risiti ya dawa:
mstari, mstari, vituo.
Nilipoileta nyumbani Baba akataka miwani.
Aliisoma kama ratiba, kidole kikifuata wino
nyongani, kiunoni, mbavuni.
"Kumbe ina steshini," akasema,
na kwa mara ya kwanza mwezi ule akaomba chai.

Kisha akaanza kuulizia wengine,
kama mtu anayetafuta mizigo ya zamani.
Kyabu, dada yake, yeye je?
Yake ilianzia titini, nikamwambia, ikapita kwapani,
ikaingia mifupani na mapafuni,
na mwisho ikapanda kichwani:
wiki ile alipokuwa akiniita kwa jina la mama yangu
nami nikiitika.
Na Mwewa wa kiwandani, aliyekohoa moshi maisha yote?
Ya mapafu hukimbilia ubongo, Baba. Mifupa pia.
Wengine huanguka kifafa kabla ya kukohoa damu.
Na Musonda, wa utumbo?

Hapo nikamsomea alichoandika docta pembeni:
damu ya utumbo haiendi moja kwa moja moyoni,
sharti kwanza ipite kwenye ini.
Baba akacheka, kicheko kikamchoma kiuno,
akafumba macho hadi kikaisha.
"Basi ini ndilo Tenke.
Nani alikuwa zamu?"

Sikuwa na jibu. Docta mwenyewe alisema *mara nyingi*,
akalirudia, mara nyingi, si kila mara;
kuna inayoshuka pasipo na kituo,
na mbegu nyingi mno hufia njiani
bila mtu kuzililia.
Nililishika hilo la mwisho.
Nililishika kama nauli.

Saa nne usiku nampa kijiko cha dawa chungu,
namfuta kidevu, nampindulia mto.
Nje mbwa wa Katuba wanajibizana,
mvua inajaribu mabati, inaacha.
Mkono wake wa kulia unatoka shukani,
unafunga hewa, unavuta taratibu kuja kifuani.

"Ya Kolwezi imepita?"
"Bado, Baba. Imechelewa."
"Kama kawaida yake," anasema,
na mkono haushuki.