Kipeuo cha Arobaini na Tisa

Nilifika Usoke Septemba, mabani ya tumbaku yakifuka,
jua jekundu kama jicho la mgonjwa,
nikiwa na kazi moja: kusema
shamba la vioo, kabla halijapandwa,
litavuna umeme kiasi gani kwa mwaka.

Benki haipendi "labda."
Rwechungura alipiga simu toka Dar:
"Dada Nyamizi, nipe namba. Moja."
Kana kwamba jua limeajiriwa,
linasaini kuingia, linasaini kutoka.

Namba ninayo: gigawati-saa nane na nusu.
Lakini namba bila upana wake
ni ugali uliosifiwa kabla maji hayajachemka.

Usiku, gesti, umeme umekatika,
nikawasha mshumaa nikayaita mashaka kwa majina.
Setilaiti, inayotutazama toka mbali
ikidhani moshi ni wingu: tano kwa mia.
Mwaka usiofanana na mwaka,
mvua ya Oktoba inayokuja Krismasi: tatu.
Joto la saa nane, linalochosha vioo: tatu tena.
Nyaya, moja. Uzee, moja.
Vumbi.
Hapo kalamu iligoma.

Kipimo chetu, kijikombe cha kioo juu ya nguzo,
kilikuwa kimechora bonde mwezi Agosti:
siku saba mwanga ukiteremka,
ya nane ukaruka juu.
Pembeni nilikuwa nimeandika "moshi," nikapita.

Asubuhi Kashindye, anayelipwa kufuta kile kioo,
akaniletea daftari la shule,
jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mwandiko wake umelala upande:
*Tarehe tisa hadi kumi na tano sikufuta.
Nilikwenda Kaliua kuzika mtoto wa dada.
Sikumwambia mtu.*
Akasimama. "Mtakata?"

Sikumjibu mara moja. Nililirudia bonde langu.
Moshi hauondoki alfajiri moja kwa kitambaa.
Zilikuwa siku saba za matanga,
zimetua juu ya kioo, chembe juu ya chembe,
na nilipoupima mteremko wake
nikapata vumbi la Usoke: mbili kwa mia.
"Hawakati," nikasema. "Andika hivihivi siku zote."

Mashaka hayajumlishwi kama magunia ya karanga.
Tano, tatu, tatu, mbili, moja, moja:
kwa mizani ya sokoni ni kumi na tano, na mradi umekufa.
Lakini hayali njama; hili likiamka, lile huenda limelala.
Kila moja lizidishe kwa lenyewe, kisha jumlisha:
arobaini na tisa. Tafuta kipeuo.
Saba.

"Nane na nusu ni katikati," nikamwambia Rwechungura.
"Nusu ya miaka haitafika hapo.
Miaka tisa katika kumi itafika saba na robo tatu.
Kopesheni kwa hiyo."
Kimya. Nilisikia feni ya ofisi yake.
"Na huo mwaka wa kumi?"
"Huo," nikasema, "sina."

Jioni nilimwonyesha Kashindye mgongo wa daftari lake,
saba mara saba, kidole changu kwenye kisanduku.
"Hiyo tu?" akacheka. "Niliijua darasa la tatu."

Kesho yake ukurasa mpya:
*Nimefuta, saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Ndege amejisaidia tena.
Sijui ni yuleyule.*