Sanduku la Umande Mweusi

Limefika kwa basi la usiku, kwa jina langu lote:
Fadimulla Juma, Kabale, Uganda,
kana kwamba Kabale ni mtu mmoja anayekaa mlangoni kusubiri.
Sanduku jeusi, ndani kitambaa laini kama cha jeneza la tajiri,
na santuri saba, kila moja kwenye kishubaka chake.
Miaka ishirini na miwili ya Umande Mweusi.
Nimeipima kwa mzani wa duka: kilo moja na robo.

Kitabu chake kina picha. Chini ya picha yangu
wameandika Rwakibaare, na chini ya yake, mimi.
Sikasiriki. Yeye ndiye aliyekuwa na sura;
acha nami niwe mzuri, walau ng'ambo.

Wataalamu wanasema tuliimba giza,
kwamba majoho yetu yalikuwa maombolezo ya karne.
Majoho! Tuliyachomoa kwenye robota la mivumba siku ya soko,
majoho ya mahakimu wa nchi gani sijui,
sita kwa bei ya mashati mawili,
na Kabale asubuhi hata jogoo huwika akitetemeka.
Tulivaa nyeusi kwa sababu ya baridi.

Na mwangwi ule wanaousifu kurasa tatu nzima
ulikuwa tangi la maji la shule ya misheni,
tangi la saruji lililopasuka kabla halijajaa hata mara moja.
Tuliingia kwa ngazi, mmoja mmoja.
Kinanda cha miguu tukakishusha kwa kamba za ng'ombe,
zeze la uzi mmoja Rwakibaare akalikumbatia kama mtoto mchanga,
mimi na ngoma zangu mwisho, maana mwana wa Mnubi
hafundishwi kungoja zamu.
Tulirekodi usiku wa manane, saa ambazo umeme ulirudi
na vyura wa bondeni walikuwa wamechoka.
Si wote. Santuri ya pili, wimbo wa nne, tega sikio:
yuko mmoja, hakulipwa senti,
anaitikia vizuri kuliko sisi.

Lakini nilisikilizie wapi?
Siku hizi muziki unakaa kwenye simu, hauna mwili.
Nimezunguka mji mzima na sanduku kwapani
mpaka kwa Ndyanabo wa kibanda cha video,
mwenye mashine ya mwisho inayomeza santuri.
"Nusu saa," akasema, "kabla ya mpira."
Nusu saa, kwa miaka ishirini na miwili.
Nikachagua ya tano. Ya tano ni ya Kyarisiima.

Kyarisiima alikohoa kabla ya kila wimbo.
Kikohozi kimoja, kikavu,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.
Baadaye vikawa viwili.
Baadaye Mbarara, vipimo, Mbarara tena.
Tulimzika Kyanamira, mteremkoni, kati ya matuta ya viazi,
ndani ya joho lake, na huko mbali hakuna hakimu
anayejua kwamba mwenzao amelala kwetu.

Wamekisafisha.
Kitabu kinasema hivyo kwa fahari: kelele zote zimeondolewa.
Sauti inaanza safi, haina koo, haina kifua,
kama maji ya chupa.
Nilikaa kwenye benchi la mbao na vijana kumi na mmoja
waliovaa jezi, wanaongoja watu wakimbie,
na nikawaza: chura wamemwacha.

Nikamwomba Ndyanabo arudishe mwanzo.
Akaguna, akarudisha.
Kimya. Pumzi ya mashine. Kisha ile nafasi,
ndogo, upana wa kidole,
pale pale ilipokuwa.

Nikakohoa.

Vijana wakageuka. Mmoja akanipa chupa yake ya maji,
nusu, bila neno.
Zeze likaingia.