Saa Mbili Benchini

Kikombe kizima cha glukosi,
matamu hadi meno yanauma.
"Usiteme, usile, usitembeetembee," asema Sista Kemunto,
"la sivyo tunaanza upya kesho."

Zahanati ya Kangemi, mimba ya wiki ishirini na sita.
Kidole kimeshadungwa mara moja.
Nje mtu anakaanga mandazi; mtoto
anapiga teke upande wa harufu.

Mimi huuza chai pale stejini,
vijiko vitatu kwa kikombe, wateja hawataki pungufu.
Sikujua sukari huweza kunyamaza ndani ya mtu,
bila kiu, bila kizunguzungu.

Mama alinizaa nina kilo tano na nusu.
Majirani walishangilia: "Kibonge!"
Walileta uji, walileta ndizi, wakanipima kwa macho.
Yeye hakuna aliyempima.
Alivuja damu hadi alfajiri,
na shangazi akisimulia
huanza na uzito wangu.

Syombua, jirani yangu wa benchi, auliza saa.
Bado dakika arobaini.
Ananiazima leso nifunike magoti.

Kidole cha pili. Cha tatu.
Sista anaandika namba kwenye kitabu cha kliniki,
anaipigia mstari,
anavuta kiti karibu.
"Imepanda. Lakini tumeiona mapema."

Saa nane niko stejini.
Mteja wa kwanza, kama kawaida: "Tia vitatu."
Namtilia.
Changu nakunywa bila,
polepole, mkono mmoja tumboni.