Robo ya Nne

Daraja ni la chuma. Likiinuka katikati kupisha meli
magari husimama, injini zikinguruma,
nami dirishani mwa duka, huku Vancouver, jimbo la Washington,
nazitambua nyuso za wateja wangu
wakienda Oregon kununua vitu nilivyonavyo.

Nauza magodoro. "Haldorsen na Wana", lasema bango la baba,
ingawa wana ni mimi peke yangu.
Juzi amekuja Bi. Trudy Maskell, akavua viatu,
akajilaza kwenye godoro la dola elfu moja na mia mbili
dakika arobaini kwa saa yangu. Alikoroma.
Akaamka, akauliza springi ni ngapi,
akaandika jibu nyuma ya bahasha
na kunishukuru kwa dhati.
Jumamosi nikaliona, godoro lile lile,
limefungwa kamba juu ya gari lake, likitoka darajani.
Alinipungia mkono.
Nami nikampungia.

Ng'ambo hakuna kodi ya mauzo.
Huku kila dola huburura senti karibu tisa
kama kopo lililofungwa mkiani mwa paka:
hata asiyemwona paka humsikia akija.

Usiku nafungua fomu ya robo ya nne.
Jimbo letu haligusi mshahara wa mtu, hujisifia hilo.
Mwenye duka huulizwa neno moja tu: umeuza kiasi gani?
Haulizwi kimebaki nini.
Mwaka huu hakikubaki; kilipungua.
Niliuza, nikala hasara, na hasara nikailipia kodi.
Asilimia ndogo, najua, nusu haifiki,
lakini chovya chovya humaliza buyu la asali,
na langu nalikung'uta tangu mwezi wa nane.
Kodi ya jengo imepanda. Paa halikupanda, lavuja palepale.
Anselmo, aliyebeba magodoro mawili kwa mkupuo,
sasa nampa siku mbili kwa juma.
Hasemi kitu. Anafagia polepole, ili kazi isiishe.

Ningeweza kukomea hapa, nikalaani, nikalala.

Ila baba alipoanguka bafuni mwezi Machi
gari la wagonjwa lilifika kwa dakika sita,
na kijana mmoja mwenye hereni akapiga magoti kwenye maji
akamwita "mzee wangu", akamshika kichwa
kama ashikaye yai.
Sikuulizwa kadi. Sikuulizwa kitu.
Baba angejua hizo dakika sita zinatoka wapi.
Alilipa kabla ya tarehe, miaka arobaini na mmoja,
akilamba gundi ya bahasha kwa heshima, kama anayebusu mkono.

Akafa Aprili.
Na mimi, mwana wa Haldorsen na Wana,
nilikwenda wapi kutafuta jeneza?

Nilivuka daraja.
Dola elfu mbili na mia tisa, mbao za mwerezi.
Nilipiga hesabu nikiwa bado na machozi:
nimeokoa mia mbili hamsini na tano.
Nililirudisha nyumbani kwa gari la duka,
lenye jina lake ubavuni,
na daraja likainuka.
Tukasubiri pale, mimi na sanduku tupu,
meli ya ngano ikipita taratibu kama hakimu,
na nyuma yangu, kwenye foleni, nani?
Trudy Maskell, ana taa mpya ya meza kitini.
Aliliona jeneza. Alizima redio.
Safari hiyo hakupunga.

Sasa ni saa saba usiku. Fomu ina mstari mmoja
ambao mji mzima huuruka kama dimbwi:
*Ulinunua nini kwingine bila kulipa kodi?*
Risiti imo mfukoni mwa koti la mazishi,
imelainika kama kitambaa.

Nimeandika sifuri.
Nimeifuta.
Nimeandika elfu mbili na mia tisa,
nikatukana, kwa sauti, kwenye duka lililojaa vitanda vitupu,
nikatukana jimbo, daraja, na baba pia,
kisha nikailamba bahasha.

Gundi yake ni chungu. Hakuwahi kuniambia.